Mguu Usiokunjika

Tulimzika Nesi Aikande Jumamosi iliyopita kule Usa River, nyuma ya nyumba yake, pale alipokuwa akifuga kuku wake wa mayai. Baada ya wasifu kusomwa, mshereheshaji akaomba mtu mmoja aseme neno kwa niaba ya wagonjwa wa zamani wa marehemu. Watu wakatazamana. Wengi wetu tumeshakufa, kusema kweli. Nikainuka mimi na fimbo yangu, nikapewa kipaza sauti, nikasema: "Marehemu alikuwa tough. Alikuwa stubborn. Lakini hakuwa rigid, na ndiyo maana mimi nimesimama hapa." Nikakaa. Vijana wakaguna kwa kicheko, kwa sababu hawakutegemea Kiingereza kitoke kwenye mdomo wangu, mwanamke wa kijijini Kikwe mwenye kitenge na miwani iliyofungwa uzi. Wakati wa chakula mjukuu wangu Neema, anayesoma chuo mjini Arusha na ambaye nitamsifu mpaka nife, akanisogelea na sahani yake. "Bibi, yale maneno umeyatoa wapi? Si uliishia darasa la nne?" Nikamwambia niliishia darasa la nne shuleni, lakini Kiingereza nilikisomea kitandani. Akasema hilo si jibu. Ana haki. Jibu lenyewe ni mwaka mzima.

Ulikuwa mwaka ule ambao sukari ilitafutwa kama dawa. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilikuwa nikishuka kihambani kwetu, shamba letu la migomba na kahawa, na mkungu wa ndizi kichwani, mvua imenyesha, nikateleza kwenye ukingo wa mfereji nikaangukia kisiki cha mbuni. Anayejua kupogolea kahawa anajua kisiki kinavyokatwa mshazari na kubaki na ncha. Kile kiliniingia chini ya goti la kulia kikagusa mfupa. Nyumbani walinitia dawa za majani, na sizidharau, zimewaponya wengi, mimi hazikuniponya. Mguu ulivimba, ukapasuka wenyewe, ukafunga, ukapasuka tena. Siku baba aliposikia harufu yake kutoka mlangoni, alinibeba mgongoni mpaka barabarani, tukapata lori la mkaa, na jioni tulikuwa kwenye hospitali moja ya kanisa huku juu mlimani. Jina lake sitalitaja. Walionitendea mema humo wanajulikana kwa Mungu.

Wodi ya wanawake ilikuwa chumba kirefu chenye dari la mbao na sakafu nyekundu iliyong'arishwa kwa nta, sakafu ya kutelezea hata mtu mwenye miguu miwili mizima. Kitanda changu kilikuwa dirishani. Asubuhi nilikuwa naona mlima wote mpaka kileleni, saa nne mawingu yanaufunika, na baada ya hapo nilichobaki nacho ni baraza la hospitali, kamba za kuanikia mashuka, na jiko la ndugu wa wagonjwa likifuka moshi. Nililijua jiko lile kwa harufu tu. Jumatatu na Alhamisi, siku za soko, mama alikuwa akipanda na kiburu, ndizi na maharage vimepondwa pamoja, kimefungwa kwenye jani la mgomba na bado kina moto katikati. Siku nyingine zote ilikuwa uji wa hospitali asubuhi na makande mchana, makande magumu ambayo ukiyatafuna unasikia mtu wa kitanda cha tatu naye anatafuna.

Kitanda cha jirani yangu alilala bibi mmoja Mwarusha kutoka Kisongo. Nilimwita Koko, kama kwao wanavyomwita bibi. Ng'ombe alikuwa amempiga teke akamvunja nyonga. Masikio yake yalikuwa na matundu makubwa ya kuweza kupitisha kidole gumba, na usiku alikuwa anayakunja juu yasikwame kwenye mto. Kiswahili chake kilikuwa cha kubangaiza lakini hakikumzuia kusema chochote. Siku ya kwanza tu akaniuliza, "Wewe Mmeru, unalia kwa sababu inauma, au unalia kwa sababu mama yako ameondoka?" Nikasema inauma. "Basi lia. Ya mama tungekupiga." Binti yake alikuwa akimletea loshoro kwenye kibuyu, mahindi yaliyopikwa na maziwa ya mgando, na Koko alininywesha kwa kifuniko cha kibuyu kama kindama. Mimi nilikuwa sijawahi kuonja. Kwetu tulikuwa tunawasema Waarusha kwamba chakula chao kinanuka ng'ombe. Ni kweli kinanuka ng'ombe. Nilinenepa.

Sasa, madaktari. Kila asubuhi daktari alipita na wasaidizi wake wawili na nesi mmoja, wanasimama miguuni pa kitanda chako, wanafunua shuka, wanazungumza juu yako kwa Kiingereza, wanafunika shuka, wanaondoka. Walidhani wametuficha. Lakini mtu anayezungumziwa yeye mwenyewe husikiliza hata kwa ngozi. Daktari alikuwa anaitwa Mshamu, mtu wa Lindi, kijana bado, mrefu, mwenye Kiswahili kilichopigwa pasi. Akisema "ahsante" unasikia ile ha. Koko alikuwa hamwelewi kabisa. "Huyu anaongea Kiswahili cha wapi?" alikuwa akiniuliza, na daktari yuko palepale. Lakini kwenye Kiingereza nilianza kulishika neno moja lililokuwa likirudi kila alipofunua mguu wangu. Stubborn. Linarudi leo, linarudi kesho. Nikamuuliza Nesi Aikande maana yake.

Nesi Aikande alikuwa binti wa Machame, mweusi tii, mwenye mikono ya baridi na mdomo wa moto. Naye alikuwa anajifunzia Kiingereza mtihani wa kupanda daraja, anatembea na maneno yake kichwani, akawa amefurahi kupata mtu wa kumfundisha. "Stubborn ni mbishi," akasema. "Punda aliyekataa kutembea. Wanasema kidonda chako ni kibishi." Wiki iliyofuata nikalisikia tena, lakini safari hii walikuwa wanautazama uso wangu, kwa kuwa nilikuwa nimekataa sindano ya matakoni mpaka Koko ageukie ukutani. Nikamuuliza. "Sasa wanakusema wewe," akasema Nesi Aikande. Koko akacheka mpaka nyonga ikamuuma. Tangu siku hiyo tukawa tunayawinda maneno. Daktari akisema neno jipya mimi nalishika kwa sauti yake, nesi akirudi na sinia la dawa namtapikia kama lilivyo, naye ananiambia ni lipi na lina tabia gani. Obstinate ni mbishi aliyesoma. Pigheaded ni mtu mwenye kichwa cha nguruwe, na hilo daktari alimsemea msaidizi wake mmoja, si sisi. Rigid lilikuwa la goti langu: kitu kilichokauka, mti ambao upepo ukija haupepei, unakatika. Tough lilikuwa la Koko, siku alipojigeuza mwenyewe kitandani bila kushikwa. Nesi aliniambia tough husemwa kwa nyama isiyotafunika na kwa mtu wa kumvulia kofia.

Nikamuuliza, "Sasa mbona mimi ni stubborn na Koko ni tough, na wote tumekataa kitu kilekile, kulala chali?"

Akafikiri kidogo, amesimama na sinia. "Ukishashinda wanakuita tough," akasema. "Ukiwa bado hujashinda wanakuita stubborn."

Nimeishi miaka mingi baada ya pale, nimezaa, nimelima, nimegombana na wenyeviti wa kijiji, na sijasikia mtu wa chuo akilisema vizuri kuliko yule msichana.

Mwezi wa Mei, mvua za masika ziko kileleni, kidonda kikaanza kunuka upya. Joto linapanda jioni mpaka naona watu darini. Daktari Mshamu hakuzungumza Kiingereza siku hiyo. Alimngoja baba Jumapili, akasimama naye hapo hapo kitandani kwangu, akamwambia kwa kile Kiswahili chake kizuri: "Mzee wangu, mfupa umeoza. Tukiuacha mguu huu, utaondoka na mtoto. Niruhusu niukate hapa juu ya goti, binti abaki."

Baba alikuwa mtu wa maneno machache na aliyatumia yote siku ile. "Wewe umezaa?"

"Bado, mzee."

"Basi ukizaa, wako umkate. Huyu hakatwi."

"Atakufa."

"Umetoka huko kwenye minazi yenu kuja kutukatia watoto kama miwa?" Na baba akainua fimbo yake. Hakumpiga. Aliipiga kwenye chuma cha kitanda, mguu wangu ukatikisika, nikapiga yowe, sinia la dawa likaanguka likazunguka sakafuni muda mrefu kama sarafu. Daktari alikuwa ametoka jasho juu ya mdomo. Akasema polepole, "Hakuna aliyeniinulia fimbo tangu baba yangu afariki. Mchukue mtoto wako. Jumatatu ijayo nakitaka kitanda changu." Akaondoka, na wasaidizi wake nyuma. Baba akabaki ameshika fimbo kama kitu alichookota.

Wote wawili walikuwa wamekosea na wote wawili walikuwa wananitaka niwe hai, na hakuna aliyekuwa tayari kurudi nyuma hata kwa kisigino. Na mimi nipo katikati na mguu wangu. Kurudi nyumbani kulikuwa kufa. Nililijua hilo, harufu ilikuwa puani mwangu mwenyewe. Kukatwa nako, kwa msichana wa kihambani, kwenye mteremko, mwenye kubeba maji na majani ya ng'ombe kichwani, nilikuona kama kifo kirefu zaidi. Nilikosea hapo, wako watu wa mguu mmoja walioishi na kulea vizuri kuliko mimi, lakini nilikuwa na miaka kumi na minne. Ni Koko aliyekuwa wa kwanza kusema. "Wewe mzee," akamwambia baba. Baba akageuka. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unaona hii nyonga? Ng'ombe ndiye aliyenivunja. Nikamlaani yule ng'ombe, nikamlaani mpaka mama yake. Sasa haya maziwa anayokunywa mtoto wako kila siku, unadhani yanatoka kwa nani?"

Baba alimtazama, akanitazama, akaweka kofia kichwani, akatoka.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Nesi Aikande alinihudumia bila kuongea, na kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa dalili mbaya. Daktari alikipita kitanda changu kama kitanda kitupu. Mama alipokuja Alhamisi alikuwa amelia njiani, akanilisha kiburu kwa vidole kama mtoto mchanga, hakusema baba anasemaje, nami sikuuliza.

Jumapili, baada ya ibada, nikamwona baba kupitia dirishani. Amevaa koti lake la kanisani, na mkononi ameshika isale. Kwa asiyejua: isale ni mmea wa majani marefu ya kijani tunaoupanda mipakani mwa vihamba, na ni zaidi ya mpaka. Ukimkosea mtu mpaka maneno yakashindwa, unachuma isale, unalifunga fundo, unampelekea. Akilipokea, amesamehe. Na kulikataa hakukubaliki. Anayekataa isale watu humwogopa maisha yake yote, hawamkopeshi hata chumvi. Wachaga wanalo, na sisi Wameru tunalo. Nilikuwa nimeona masale yakipelekwa kwa sababu ya ugomvi wa mfereji, na kwa sababu ya bibi harusi aliyetoroshwa. Baba kumpelekea mtu isale, sikuwa nimewahi kuona. Alikuwa ni mtu wa kupelekewa.

Daktari Mshamu alikuwa akitoka upande wa maabara. Baba alivua kofia akaisogeza kwapani, akalinyoosha isale kwa mikono miwili. Dirisha lilikuwa wazi, nilisikia yote.

"Nini hii, mzee? Dawa?"

"Pokea."

"Mboga?"

"Pokea tu, daktari."

Sasa daktari ni mtu wa pwani aliyelelewa. Mzee akikupa kitu kwa mikono miwili, unapokea kwa mikono miwili, unainama kidogo. Ndivyo alivyofanya. "Ahsante sana, mzee wangu," akasema. Wanawake wawili waliokuwa wanaanika mashuka walikuwa wamesimama tuli. Baba akavaa kofia, akaja mpaka dirishani kwangu, akaniambia maneno mawili, "Amepokea jamani," akaenda zake jikoni kuwasalimia waliokuwa wanapika, na ukimwangalia mgongoni ungesema amepungua miaka.

Jumatatu raundi ikafika. Daktari, bila kunitazama, akamwambia nesi, "Huyu wa dirishani anaondoka leo."

"Haondoki, daktari," akasema Nesi Aikande.

"Kwa nini haondoki?"

"Ulishamsamehe baba yake jana."

"Mimi? Nilimsamehe lini?"

"Mikono miwili," akasema Koko kutoka kitandani. "Na umeinama."

"Jana nilipewa jani. Nimeliweka kwenye glasi ya maji mezani. Linapendeza." Wasaidizi wake wakatazama dari. Nesi Aikande alijificha mdomo kwa sinia, kisha akalishusha akamweleza, kwa adabu, kwa Kiswahili ili wote tusikie, isale ni nini na aliyelipokea amefanya nini. Daktari alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo nimefungwa na jani," akasema.

"Hujafungwa, daktari. Unaweza kulirudisha. Ila linarudishwa kwa mkono wako mwenyewe, nyumbani kwake, watu wakiwepo."

Akafunika shuka langu akaondoka. Kile kilichofuata tulisimuliwa na Mzee Anaeli, mpishi wa madaktari, aliyekuja mwenyewe kwenye dirisha letu. Alimpelekea daktari chai ya saa kumi, chai ya asali kwa kuwa sukari hakuna, akaliona isale kwenye glasi, akaiweka chai pembeni taratibu na kumwambia, "Mungu akubariki. Kwetu kuna wazee wanakufa hawajawahi kuletewa hiyo na mtu mkubwa kama yule." Daktari akamuuliza yule mzee ni mkubwa kivipi. "Si kwa mali," Mzee Anaeli akamjibu. "Ni kwamba hajawahi kuinama." Basi, akasema Mzee Anaeli, daktari akanywa chai yote pale pale, amelitazama jani.

Jua lilikuwa bado halijazama alipokuja. Peke yake, bila koti jeupe. Akafanya kitu ambacho hakuna daktari aliyekuwa amekifanya tangu nifike: akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Akaniuliza, "Binti, wewe mwenyewe unataka nini?"

Miezi yote ile watu wamenizungumzia, wamenigombania, wamenililia. Swali hilo lilikuwa halijaulizwa. Nikamwambia, "Nataka mguu wangu."

"Na ukikuua?"

"Hautaniua. Kidonda ni stubborn. Mimi ni tough."

Akanitazama kama kiti kimesema. "Nani amekufundisha?"

"Wewe," nikasema. "Kila asubuhi."

Alicheka, kisha akaacha kucheka, akajipangusa uso kwa kiganja. Akanieleza kila kitu kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anavyomweleza mkubwa mwenziwe. Atapasua, atakwangua mfupa wote uliooza, hatashona, kidonda kitabaki wazi na kitaoshwa kila siku kwa miezi, na kuosha kutauma kuliko kupasuliwa. Hata akishinda, goti litakauka, halitakunjika tena maisha yangu yote. "Na nikiona sumu inapanda," akasema, "nakata. Siku hiyo simuulizi mtu, na baba yako hainui fimbo." Nikakubali. Baba alipoulizwa akasema, "Yeye ndiye mwenye mguu." Neno hilo sijalisahau. Wanaume wengi wa rika lake wasingelisema.

Upasuaji siukumbuki, nashukuru. Nakumbuka kilichofuata. Asubuhi Nesi Aikande anakuja na maji ya dawa na koleo, anavuta kitambaa cha jana kilichogandia kwenye mfupa. Mara ya kwanza nilimng'ata mkono wa sare. Mara ya pili akaniambia, "Sema maneno."

"Maneno gani?"

"Ya kwetu. Sema yote, mpaka nimalize."

Nikasema. Tough. Stubborn. Obstinate. Pigheaded. Yakiisha naanza tena, na yakiwa machache anaongeza mengine aliyoyapata kwenye kitabu chake, anayasema huku anavuta. Koko naye anadakia kwa Kiswahili chake, mbishi, sugu, king'ang'anizi, wakati mwingine kwa Kimaa, lugha ya kwao, na wodi nzima ikajifunza. Kuna mama mmoja aliyekuwa anasubiri kujifungua aliyazoea mpaka uchungu ulipomshika usiku akawa anapiga kelele "Obstinate". Watu huniambia imani ndiyo iliyonishikilia. Imani ilikuwepo. Lakini saa ile ya koleo nilishikilia maneno, kama mtu anavyoshikilia kingo za kitanda, na hayakuwa ya lugha yangu, na yalitosha.

Mimi siyo mtu wa kushukuru ovyo. Lakini nikihesabu waliouokoa mguu huu, orodha yenyewe inanishangaza. Daktari wa Lindi aliyekubali kushindwa na jani. Baba aliyekubali kushindwa na ng'ombe wa Kisongo. Msichana wa Machame, ambaye baada ya zamu zake alikaa kwangu kunisomesha badala ya kwenda kulala. Koko, aliyeondoka kabla yangu kwa fimbo mbili, akaniambia nisije Kisongo kumtembelea mpaka nije kwa miguu, na nilikwenda, na loshoro nilikunywa. Daktari Mshamu alihamishwa baadaye. Sijui alipelekwa wapi wala kama yu hai. Mwanangu wa kwanza nilimpa jina lake. Mwinjilisti aliuliza Mshamu ni jina la ukoo gani wa Kimeru, nikamwambia aandike tu. Ndiyo maana Neema, anayetumia jina hilo la baba yake, huko chuoni anaulizwa kila muhula kama kwao ni Lindi, na sasa atakuwa na la kuwajibu.

Nilitoka hospitali Novemba, kidonda kimefunga, mguu umenyooka kama mchi. Na Jumapili moja kabla ya Krismasi ilikuwa kipaimara. Nilikuwa nimefundishwa pamoja na wenzangu kabla sijaumia, na mchungaji alikuwa amekubali nimalizie nao. Tulivaa nguo nyeupe. Tukaitwa madhabahuni kupiga magoti ili tuwekewe mikono kichwani. Wote wakapiga magoti, mstari mzima, kama mahindi yaliyolazwa na upepo. Mimi nikabaki nimesimama.

Nilijaribu. Nilijaribu kuutanguliza mguu pembeni nishuke kwa ule mwingine, nikaona nitaanguka mbele ya madhabahu. Nyuma yangu upande wa akina mama nikasikia minong'ono. "Mbona hapigi magoti?" "Amekuwa mkaidi tangu atoke hospitali." "Huyu ndiye yule aliyemshinda daktari." Uso ulikuwa unaniwaka. Mzee wa kanisa akaanza kuja na kiti, nadhani anikalishe pembeni kama mgonjwa. Hapo ndipo niliposikia sauti ya baba kutoka kwenye mabenchi ya wanaume, na baba hakuwa mtu wa kusema kanisani, hata amina yake haikusikika.

"Mwacheni asimame," akasema. "Huo mguu ni mzima."

Yule mzee akarudi na kiti chake. Minong'ono ikakatika. Mchungaji akaendelea na mstari, mmoja mmoja, mkono kichwani, maneno, mwingine, mpaka akafika kwangu. Mchungaji wetu alikuwa mtu mfupi, na mimi mwaka ule kitandani nilikuwa nimerefuka bila mtu kugundua. Aliinua mkono, haukufika vizuri. Akasimama kwa ncha za vidole vya miguu, joho likapanda, viatu vikaonekana. Nikamwona anahangaika. Basi nikainamisha kichwa kidogo, nikamngoja, mpaka mkono wake ukatua.